Mtoto ana mafua? Usikimbilie antibayotiki

Mtoto wa miezi minane ana mafua. Usiku mzima hakulala, na wewe hukulala. Kukikucha, safari ya kwanza ni duka la dawa: "Nipe amoksilini ya maji." Cheti cha daktari huna, lakini dawa unapewa.

Mafua husababishwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Inaua bakteria, wakiwamo wale wazuri wanaoishi tumboni mwa mtoto. Bakteria hao hawasagi chakula tu. Katika miezi ya mwanzo husaidia kuifundisha kinga ya mwili ipambane na nini na iache nini, kama vile vumbi la kawaida. Kinga inayopambana ovyo huvimbisha njia za hewa, na huo ndio mwanzo wa pumu kwa watoto wengi.

Mwaka 2015, watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 319. Waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata pumu walikuwa na upungufu wa aina nne za bakteria kwenye kinyesi wakiwa na miezi mitatu. Katika jimbo la British Columbia nchini humo, matumizi ya antibayotiki kwa watoto wachanga yalipungua sana kati ya 2000 na 2014. Katika kipindi hicho, wagonjwa wapya wa pumu wenye umri wa mwaka mmoja hadi minne walipungua kwa asilimia 26.

Hiyo haina maana kwamba kila aliyepewa dawa hizo atapata pumu. Urithi na moshi navyo vinachangia. Wala antibayotiki si sumu. Nimonia huua, hivyo daktari akiandika dawa, mpe mtoto na umalize dozi. Kwa mafua, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Akipumua haraka, mbavu zikibonyea ndani au akishindwa kunyonya, mpeleke hospitali mara moja.

Na kama mtoto wako tayari ana pumu? Usiache inhela kwa sababu ya mtindi au vidonge vya "bakteria wazuri". Havijathibitishwa kutibu pumu. Inhela ya kuzuia aliyoandikiwa na daktari hutuliza uvimbe, ndiyo maana hutumika hata siku ambazo hakohoi. Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto "ataizoea". Hataizoea. Akiachishwa kiholela, ndipo anapobanwa usiku na mnaanza kutafuta bodaboda ya kwenda hospitali.