Akii-Bua: Sifa na Gharama Yake (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha John Akii-Bua mazoezini, askari polisi wa Uganda akiruka viunzi na kizibao cha zaidi ya kilo kumi mwilini, chini ya kocha wake Mwingereza, Malcolm Arnold. Leo tuingie uwanjani kwenye Olimpiki ya Munich, Septemba 2, 1972.

Fainali ya mita 400 kuruka viunzi alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa. Adha yake ni kona: ni kali, na mtu mrefu hujipinda huku jicho likitafuta kiunzi. Viunzi ni kumi, kimo chake sentimita 91. Wakimbiaji wengi huzoea kutanguliza mguu mmoja. Uchovu ukivuruga hatua, hufika kiunzini na mguu usio wao, wakapunguza mwendo. Akii-Bua aliruka kwa mguu wowote. David Hemery, bingwa wa 1968, aliondoka mbio, lakini kwenye sehemu nyoofu ya mwisho Mganda alikuwa mbele. Sekunde 47.82: rekodi ya dunia, na mtu wa kwanza kushuka chini ya 48.

Nyumbani alipandishwa cheo, na barabara ya Kampala ikapewa jina lake. Rais Idi Amin alipenda kupigwa picha na ushindi. Lakini Akii-Bua alikuwa Mlangi, kabila moja na Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin 1971, na askari wa Amin walikuwa wakiwaua Walangi na Waacholi. Kwa maoni yangu medali ile ilimkinga na kumfunga papo hapo: asingeguswa ovyo, wala asingeachwa aende atakako.

Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika ziligomea Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mmarekani Edwin Moses akashinda kwa 47.63, na wawili hao hawakukutana katika fainali ambayo dunia nzima iliingojea.

Amin alipoanguka 1979, bingwa wa Olimpiki alivuka mpaka na familia yake, akawa mkimbizi Kenya. Watu wa Chula, Chovai na Koyama, visiwa vya Wabajuni huko Somalia, waliopanda majahazi 1991 kukimbia vita wakaishia kambi za Mombasa hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Jina lako la jana halikupi sahani ya chakula. Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyompokea Ujerumani. Moscow 1980 aliishia nusu fainali. Alirudi Uganda 1983, akafundisha riadha, akafariki Juni 1997 akiwa na miaka 47. Serikali ilimzika kwa heshima, na uwanja wa Lira unaitwa kwa jina lake.

Mwaka 2015, Beijing, Mkenya Nicholas Bett alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio hizo hizo kwa 47.79, akitokea njia ya tisa, ya nje kabisa. Baada ya miaka 43, tofauti kati yake na Akii-Bua ni sehemu tatu tu za mia za sekunde.

Wiki ijayo: Mbrazili Alison dos Santos, na ile 46.29 yake ya mwaka 2022.