Mama na Mwanawe Darajani

Ukipita Kivukoni, karibu na Ifakara, Jumamosi asubuhi, huenda ukamkuta mama amemshika mkono mtoto wake mdogo, wakiutazama mto Kilombero. Hawaendi msibani wala hospitali, wanatembea tu. Usimcheke ukasema amekosa kazi. Mama huyu analea peke yake. Juma zima yumo shambani katika mpunga, na mtoto hushinda kwa bibi yake. Asubuhi hii moja ndiyo zawadi anayoweza kumpa, nayo haina bei.

Mtoto huuliza, “Mama, zamani watu walivukaje?” Mama humweleza habari za mitumbwi na pantoni, jinsi pantoni ilivyopinduka mwaka 2016, na jinsi daraja hili, lenye urefu wa mita 384, lilivyofunguliwa mwaka 2018. Kisha mtoto huuliza tena, “Na baba yangu yuko ng’ambo ipi?”

Hapo mama afanyeje? Asimdanganye, wala asimtukane huyo baba. Yatosha kusema, “Sijui aliko, mwanangu. Lakini mimi nipo, na Jumamosi ijayo tutakuja tena.” Naye aje kweli, kwani mtoto huhesabu siku.

Nawe mzazi, uliye na mwenzako nyumbani, lini ulimpa mwanao asubuhi nzima? Na wewe jirani, ukikutana nao njiani wakigawana kitumbua kimoja, usinong’one. Wasalimie wote wawili. Mtoto anasikia.