Je, Wajua? Asidi ya Bahari Huenda Ikaongeza Ukali wa Radi

Radi hupiga nchi kavu mara nyingi zaidi kuliko baharini, lakini zile kali kupita kiasi hupenda bahari. Mwaka 2019 mtafiti Robert Holzworth na wenzake walichambua rekodi za vituo vinavyonasa mawimbi ya redio ya radi duniani kote, wakakuta radi kubwa kuliko zote zimekusanyika Atlantiki ya Kaskazini na Mediterania, hasa kati ya Novemba na Februari. Ikiwa mawingu ya bara hutoa radi nyingi zaidi lakini ya bahari hutoa kali zaidi, basi kinachopigwa nacho kina nafasi yake. Maji ya chumvi hupitisha umeme mamia ya mara zaidi kuliko udongo wa kawaida.

Wanasayansi Mustafa Asfur, Jacob Silverman na Colin Price waliufuata mkondo huo maabarani, wakirusha cheche za umeme kwenye uso wa maji na kupima mwanga wake. Chumvi ilipozidi, mwanga ulizidi. Mwaka 2020 wakatoa matokeo mengine: pH iliposhuka, yaani asidi ilipoongezeka, cheche ilizidi kung'aa. Bahari hunyonya takriban robo ya kaboni dioksidi tunayoitoa, na pH ya uso wake imeshashuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1. Wanasayansi hao walikadiria kwamba utoaji wa kaboni dioksidi ukifuata makadirio mabaya kuliko yote, radi zinazopiga bahari zinaweza kuwa kali zaidi kwa asilimia 30 hivi mwishoni mwa karne hii, zikilinganishwa na za mwaka 2000.

Kuna pingamizi zito. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, ilhali ioni zake za hidrojeni hazifiki hata sehemu moja ya milioni ya gramu. Badiliko dogo hivyo haliwezi kuongeza sana upitishaji wa umeme. Nakubali, ila pingamizi hilo linagusa maelezo, haligusi kipimo: mwanga uliongezeka, na sababu yake itafutwe pale cheche inapokutana na maji. Pingamizi la pili ni kwamba radi nyingi huishia mawinguni bila kugusa bahari. Hizo asidi haiwezi kuzifikia kwa njia hii, kwa hiyo tusitazamie idadi ya radi ibadilike, bali ukali wa zile zinazofika majini.

Tofauti hiyo ni muhimu mno, maana idadi ina mambo yake. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha radi karibu maradufu juu ya njia za meli za Bahari ya Hindi ya kaskazini mashariki na Bahari ya China Kusini, kwa sababu ya moshi wa meli. Salfa katika mafuta ya meli ilipopunguzwa mwaka 2020, radi hizo zilipungua kwa takriban nusu. Anayehesabu tu atadanganywa na moshi. Mahali pazuri pa kupima ukali huo ni Pasifiki karibu na Panama, penye radi tele na maji yenye pH ya chini kuliko bahari nyingi, mradi mpimaji akumbuke kwamba mvua hupunguza chumvi ya maji hayohayo.