Adui wa maua ya tunguu ni maji, si kiangazi

KIANGAZI cha Januari na Februari kinapoingia Kisumu, bustani nyingi za nyumbani hukauka. Katika mitaa kama vile Nyalenda na Manyatta, ambako familia nyingi hununua maji kwa mitungi ya lita 20, si rahisi kumwagia maua maji yasiyotosha kupikia na kufulia.

Hata hivyo, yapo maua yasiyohitaji kugawiwa maji hayo. Ni yale yanayoota kutokana na tunguu, yaani kiungo kinene kilichojificha udongoni mfano wa kitunguu cha jikoni. Wakulima wa bustani huyaweka katika kundi hilo hilo maua yenye viazi na mashina manene ya chini kwa chini, kwa kuwa maisha yao hufanana.

Siri ya mmea wa aina hii ni akiba. Wakati wa mvua, majani hutengeneza chakula ambacho huteremshwa na kuhifadhiwa chini pamoja na maji. Mvua ikikatika, majani hukauka na mmea hulala kwa miezi kadhaa. Baadhi ya spishi huwa na mizizi inayojikunja na kulivuta tunguu chini zaidi, ambako udongo hauna joto kali.

Mwenye bustani asiyejua jambo hili hudhani kwamba mmea wake umekufa, akauongezea maji. Hapo ndipo unapokufa kweli. Tunguu lililolala halina majani ya kutumia maji hayo, hivyo huoza.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi Kisumu kwa sababu ya udongo. Sehemu kubwa ya uwanda wa Kano ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa wakati wa jua na kutuamisha maji wakati wa masika. Tunguu likizikwa humo moja kwa moja, huenda likavuka kiangazi salama na kuangamia mwezi Aprili.

Dawa yake ni tuta lililoinuliwa kwa kiasi cha sentimita 30, likizungushiwa mawe ili lisibomoke. Udongo wake uchanganywe na mchanga mwingi, kokoto ndogo na mbolea ya samadi iliyooza vyema. Samadi mbichi isitumiwe kwa kuwa huchochea uozo.

Kuhusu aina za kupanda, mwenyeji wa eneo la ziwa hana haja ya kutafuta mbali. Afrika Mashariki ina maua yake ya asili, likiwemo Scadoxus multiflorus, ambalo mvua za kwanza zikinyesha hutoa kichwa chekundu cha mviringo chenye makumi ya vijiua. Lipo pia Crinum macowanii, lenye tunguu kubwa na maua meupe yenye mistari ya waridi.

Gladiolus dalenii, lenye maua ya rangi ya machungwa au manjano, nalo humea porini nchini Kenya. Spishi hiyo ni miongoni mwa wazazi wakuu wa gladiola za madukani, ambazo uzalishaji wake ulianza Ulaya katika karne ya 19. Amarilisi, ambayo asili yake ni Amerika Kusini, pia hustawi.

Tulipu ni kinyume chake. Tunguu lake huhitaji wiki nyingi za baridi kali kabla ya kuchanua, ilhali joto la usiku mjini Kisumu kwa kawaida halipungui sana chini ya nyuzi 17. Anayenunua tulipu kwa kuvutiwa na picha hupoteza fedha zake.

Upandaji hufaa mwishoni mwa Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Tunguu la Crinum huachwa shingo yake ikichungulia juu ya udongo, nalo la gladiola huzikwa sentimita 10 chini. Nafasi kati ya mche na mche hutegemea ukubwa; Crinum huhitaji zaidi ya nusu mita.

Majani yakishachipuka, kumwagilia mara moja kwa wiki kunatosha iwapo mvua itachelewa. Yakianza kuwa manjano, maji yasimamishwe kabisa. Majani yasikatwe yakiwa mabichi, kwani bado yanajaza akiba ya msimu ujao.

Kutandaza majani makavu juu ya tuta hupunguza joto. Gugumaji lililoanikwa hadi likakauka, ambalo halikosekani ufuoni, linafaa kwa kazi hiyo. Viwavi wenye milia wanaotoboa majani ya Crinum waokotwe kwa mkono mapema kabla ya kufika kwenye tunguu.

Jambo la kuzingatiwa kuliko yote ni sumu. Mengi ya maua haya yana sumu inayodhuru watu na mifugo. La kuogopwa zaidi ni Gloriosa superba, ua linalotambaa lenye petali nyekundu na manjano zilizopinda juu, ambalo ndilo ua la taifa la Zimbabwe.

Viazi vyake vina kolchisini, sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Nchini Sri Lanka, watu wamefariki baada ya kuvila wakidhani ni viazi vitamu. Dalili, zikiwemo kutapika na kuhara, huweza kuanza saa kadhaa baadaye, hivyo aliyekula hana budi kupelekwa hospitalini mara moja bila kuzisubiri.

Kwa sababu hiyo, boma lenye watoto wadogo ni heri likose ua hilo. Matunguu mengine yasihifadhiwe jikoni wala karibu na viazi vya chakula, na anayeyashika anawe mikono.

Aidha, matunguu yasichimbwe porini, hasa katika maeneo ya hifadhi kama vile mbuga ya Ruma iliyoko Kaunti ya Homa Bay. Tunguu moja lililochimbwa huenda lilichukua miaka kadhaa kukua. Crinum moja ya jirani, kwa upande mwingine, huzaa vitunguu vidogo pembeni mwake, na hivyo vinatosha kuanzishia bustani ya pili bila gharama.