Fahamu: Pointi 10 za PCB zinatosha kuingia Muhimbili?

Mhitimu wa kidato cha sita mwenye B ya Biolojia na C mbili, za Kemia na Fizikia (mchepuo wa PCB), ana pointi 10 kati ya 15. A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Je, atapata nafasi ya udaktari Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS)?

Kuomba anaweza, kupata ni jambo jingine. Sifa za chini zinakuruhusu kupanga foleni tu. Waombaji wakizidi nafasi, chuo huanza na wenye ufaulu wa juu, hivyo pointi za anayechaguliwa mwisho hupanda na kushuka kila mwaka kulingana na walioomba. Ndiyo maana pointi za kaka yako aliyeingia miaka mitatu iliyopita hazikuhakikishii kitu, hata mjomba akisisitiza vipi.

Tangu 2017 maombi hupelekwa vyuoni moja kwa moja, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) husimamia. Basi aombe pia vyuo vingine vya udaktari, na kozi kama uuguzi au famasi. Akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, athibitishe kimoja kabla dirisha la kuthibitisha halijafungwa.