Saa mbili ambazo sikuziomba

Kwa kawaida katika mazungumzo haya huwa nakuletea mambo ya watu wengine. Juma hili nakuletea uongo wangu mwenyewe.

Niliusema mwaka 2012, kliniki ya watoto, nikiwa nimempakata mwanangu wa tatu aliyekuwa na umri wa miezi minne na nusu. Nesi alitazama kadi, akaona mstari wa uzito umeteremka, akaniuliza: "Mama, mtoto unampa nini?" Nikamjibu bila kupepesa macho: "Ziwa tu, nesi." Kumbe nyumbani nilikuwa nimeacha sufuria ya uji mezani.

Unaweza kuniuliza, kwa nini mwanamke mzima, mwandishi wa habari, adanganye juu ya mtoto wake mwenyewe? Jibu linaanzia kwenye hesabu, basi tuifanye pamoja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, ambayo ndiyo sheria ya kazi kwa Tanzania Bara, inampa mwanamke aliyejifungua likizo ya malipo ya siku 84. Akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, anapata siku 100. Baba naye amepewa siku tatu, nazo azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku 84 ni majuma 12. Mama anaruhusiwa kuianza likizo hiyo hata majuma manne kabla ya tarehe ya kujifungua. Mimi miguu ilinivimba, daktari akanipumzisha majuma mawili kabla. Kwa hiyo siku niliporudi kazini mwanangu alikuwa na majuma kumi tu.

Sasa upande wa pili wa hesabu. Tangu 2001 Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, hata maji asipewe, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mganga. Miezi sita ni majuma 26. Ukitoa kumi, yanabaki majuma 16. Katika majuma hayo 16 mama yuko kazini, mtoto yuko nyumbani, na maziwa yako kifuani mwa mama. Hapo ndipo akina mama wengi wa mjini tunapoanguka, nami ndipo nilipoanguka.

Nilikuwa nakaa Kimara, kazi iko mjini. Mabasi ya mwendokasi yalianza 2016, kwa hiyo wakati ule tulikuwa tukigombea daladala. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi jua limezama. Juma la kwanza tu nilipata aibu ambayo hadi leo wenzangu wa zamani wananitania. Nilikuwa studio nasoma taarifa ya habari ya mchana. Ndani yake kulikuwa na ripoti kutoka zahanati moja, fundi mitambo akaifyatua, na sauti ya kwanza kusikika ikawa ya mtoto mchanga analia. Kabla ripoti haijafika katikati, blauzi yangu ilikuwa imelowa kutoka kifuani hadi kiunoni. Nikamalizia kusoma habari za michezo nimejifunika kwa karatasi za hali ya hewa.

Kilichonitokea si kichekesho tu, kina maelezo yake. Mwili wa mama hutumia vichocheo viwili kwa kazi hii. Cha kwanza, kinachoitwa prolaktini, ndicho kinachotengeneza maziwa. Cha pili, oksitosini, ndicho kinachoyasukuma yatoke. Hicho cha pili hakihitaji mtoto awepo. Kusikia tu kilio cha mtoto, hata cha mwenzio, au kumkumbuka wako, kinatosha kukiamsha. Wasiwasi na maumivu navyo vinaweza kukizuia kwa muda. Kwa hiyo mama mwenye hofu anaweza kukamua asipate kitu, akadhani amekauka, kumbe maziwa yamo.

Jambo lingine ambalo sikulijua ni kwamba ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Likiachwa limejaa kwa saa nyingi, mwili huchukua ujumbe kwamba maziwa hayahitajiki, nao hupunguza. Mimi nilikuwa nakaa zaidi ya saa 12 kila siku bila kunyonyesha wala kukamua, navumilia maumivu, najifunga kanga kifuani. Baada ya majuma matano hivi maziwa yakapungua kweli. Mtoto usiku akawa halali. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kunisaidia, akaniambia: "Mwanangu, mtoto huyu ana njaa. Maziwa yako mepesi. Mpikie uji."

Simlaumu mama. Alitulea sote kwa uji wa mapema, na mpaka 2001 hata wataalamu wenyewe walikuwa wakishauri vyakula vingine vianze kati ya mwezi wa nne na wa sita. Alikuwa amebaki na somo lililokwishabadilishwa bila yeye kupewa habari. Isitoshe, maziwa ya mama hayawi "mepesi" kiasi cha kumdhuru mtoto. Yanayotangulia huonekana ya majimaji, na yanayofuatia yana mafuta zaidi. Lakini siku ile sikuwa na hoja, nilikuwa na usingizi. Nikaupika uji.

Uji ule ulikuwa na madhara mawili. Kwanza, tumbo la mtoto ni dogo. Likijazwa uji mwepesi, hanyonyi vizuri, na asiponyonya maziwa yanapungua tena. Mama anaongeza uji, maziwa yanazidi kupungua, na gurudumu linazunguka hivyo hivyo. Pili, uji unakuja na maji, kikombe, kijiko na mikono, na sisi maji yetu tulikuwa tunayahifadhi kwenye madumu na ndoo. Haikupita wiki mbili mtoto akaanza kuhara.

Hapo ndipo nilipokwenda kliniki na uongo wangu. Gharama yake ilikuwa hii: nesi aliniamini. Kwa kuwa mtoto "ananyonya tu", akatafuta ugonjwa. Tukapimwa malaria, tukapimwa choo, tukarudishwa, tukapimwa tena. Siku kumi zilipotea, mtoto anakonda mikononi mwangu, na mimi niliyekuwa na jibu nimekaa kimya kwenye benchi. Niliogopa kugombezwa mbele ya akina mama wenzangu. Ndugu msikilizaji, niliogopa macho ya watu kuliko nilivyoogopa kuhara kwa mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Aliyetuokoa alikuwa nesi mwingine, mama wa makamo, aliyekuwa zamu siku ya kumi na moja. Alinivuta pembeni akasema kwa sauti ya chini: "Mama, mimi si polisi. Nikijua unachompa nitakusaidia. Nisipojua nitabaki kukisia." Nikamwaga yote, uji na machozi. Hakunigombeza. Alituandikia dawa ya kurudisha maji mwilini na vidonge vya zinki, kisha akanifundisha kukamua.

Somo lake ni rahisi, nami nalitoa kama nilivyopewa. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kikombe chenye mfuniko kilichooshwa na kuchemshwa. Weka kidole gumba juu ya weusi wa ziwa na vidole vingine chini yake, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie, bana na uachie. Usivute chuchu. Zungusha vidole ili pande zote zitoke. Kazi hiyo inachukua dakika 20 hadi 30 kwa maziwa yote mawili, na kazini ifanye kila baada ya saa tatu hivi. Maziwa yakikaa nje katika joto la nyuzi 25 yasizidi saa nne. Joto la Dar es Salaam mara nyingi linapita hapo, kwa hiyo yaweke kwenye chombo chenye barafu. Katika jokofu yanaweza kukaa hadi siku nne. Ukitaka kumpa mtoto, usiyachemshe. Tumbukiza kikombe chake katika bakuli la maji ya moto yapate uvuguvugu, kisha mnyweshe kwa kikombe kidogo, maana chupa ya chuchu ni ngumu kusafisha.

Nikaanza. Siku ya tatu narudi nyumbani, namkuta dada wa kazi amemwaga maziwa yote niliyoyaacha asubuhi. "Yaliharibika, mama," akasema, "yalikatika, mafuta yakapanda juu." Nikapandisha sauti. Kumbe maziwa ya mama yakitulia hujitenga, mafuta hupanda, nayo ni mazima kabisa, unayatikisa kidogo tu yanachanganyika. Nilikuwa sijamweleza. Naye akaniambia taratibu: "Mama, mimi wangu nilimnyonyesha mwenyewe. Sijawahi kuyaona maziwa yamekaa kwenye kikombe."

Wangu? Miezi saba alikuwa ameishi nyumbani kwangu, na sikujua kwamba ana mtoto. Alikuwa amemwachisha ziwa, akamwacha kwa bibi yake kijijini Singida, akaja mjini kulea wa kwangu. Sikuwahi kumuuliza. Na sheria ile ya 2004 niliyoinukuu hapo juu haikumtenga mtumishi wa nyumbani. Siku zile 84 ni zake pia, ingawa ni wachache miongoni mwetu tunaoajiri dada wa kazi tuliowahi kuzitaja majumbani mwetu.

Sasa nifike kwenye ungamo langu la mwisho. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 33, inasema kwamba mwajiriwa anayenyonyesha ataruhusiwa na mwajiri kumnyonyesha mtoto wakati wa saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Si saa mbili asubuhi, ni muda wa saa mbili, kila siku ya kazi. Kwa siku tano za juma ni saa kumi. Kwa mtu wa Kimara kwenda nyumbani na kurudi katika foleni, saa mbili hazitoshi hata kufika. Lakini kwa kukamua mara mbili au tatu zinatosha na chenji inabaki.

Haki hiyo nimeisoma redioni kwa kinywa changu, si mara moja. Nimewahi hata kumhoji mwanasheria juu yake. Lakini nilipokuwa mimi ndiye mwenye ziwa, sikuiomba. Nilikuwa nikiaga naenda benki, naenda kwa fundi, naenda kuona mgonjwa, kisha najifungia stoo, mgongo nimeuegemeza mlangoni kwa sababu hauna komeo. Mkuu wangu wa kazi wakati ule hakuninyima. Hakupata nafasi ya kuninyima wala kunipa, kwa sababu sikumwambia. Niliogopa kuitwa mzigo.

Wala si mimi peke yangu niliyekwama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miezi sita, waliokuwa wakinyonya maziwa ya mama peke yake ni 59. Hao wengine 41 si wote mama zao ni waajiriwa, la hasha. Lakini kwa mama mwajiriwa, nafasi ya kuwa miongoni mwa wale 59 hutegemea vitu vidogo kama mlango unaofungika.

Kwa nini nayasema leo? Mwezi uliopita niliingia stoo kutafuta waya wa kinasa sauti, nikamkuta binti mmoja wa idara yetu, katoka likizo ya uzazi juzi tu, amekaa juu ya boksi, ameegemea mlango ule ule. Aliruka kama mwizi. "Samahani dada," akaniambia, "nilikuwa naongea na simu." Nikamtazama, nikamwona ni mimi wa 2012, na uongo wangu ule ule.

Tulikwenda wawili kwa meneja. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, kifungu nimekinakili kwenye karatasi. Alikisoma, akavua miwani, akasema: "Kumbe? Na mbona siku zote hamsemi?" Sheria yetu imetaja saa, haikutaja chumba. Wenzetu wa Kenya, Sheria yao ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge na mahali. Lakini meneja hakuhitaji kulazimishwa. Stoo imeondolewa viti vibovu, kimewekwa kiti kizima, meza ndogo, na komeo kwa ndani.

Mama unayerejea kazini, omba saa zako, na ikiwezekana ziombe kwa maandishi kabla hujatoka likizo. Unayo pia likizo ya mwaka ya siku 28. Ukikubaliana na mwajiri uiunganishe na ya uzazi, unapata majuma 16 badala ya 12. Bwana mwajiri, usingoje aje analia. Muulize. Na wewe nesi, ukiona mama anajibu haraka mno kwamba "ziwa tu", tafadhali msogeze pembeni, umwambie wewe si polisi.

Yule mtoto wa uji sasa ni mrefu kuniliko, na uji haugusi.