Uvimbe Umenywea, Lakini Tiba Bado

Wengi wetu hudhani saratani ni ugonjwa wa watu wazima. Sivyo. Nayo huwapata watoto wetu wa pwani.

Mojawapo ni uvimbe wa taya uitwao Burkitt, kwa jina la daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeueleza mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000, wakiulizia hospitali moja baada ya nyingine, hadi huku kwetu Tanganyika. Waliona kwamba unapatikana penye joto na mvua, penye malaria nyingi, wala si kwenye milima yenye baridi. Sisi wa Kilwa na Lindi tumo. Hauambukizi kwa kula sahani moja, na si jicho la mtu. Meno hulegea, taya huvimba, pengine na tumbo. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo wiki mbili za mitishamba, au za kung'oa jino moja moja, ni nyingi mno.

Dawa zipo, na Muhimbili watoto hutibiwa bila malipo, kwa msaada wa Serikali na wafadhili. Lakini tusidanganyane, kinachotolewa bure ni tiba. Kutoka Nangurukuru hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Mama anaondoka na mgonjwa, wadogo zake wanabaki kwa bibi, baba anabaki na korosho ambazo hazimsubiri mtu.

Mtihani mkubwa huja pale mambo yanapokuwa mazuri. Uvimbe huu husikia dawa upesi sana. Baada ya dozi ya kwanza taya hunywea, mtoto anaomba uji, anacheza. Baba anapiga simu: "Mama watoto, si amepona? Rudini, huku tumeelemewa." Nani atamlaumu? Hata hivyo mbegu za ugonjwa zimebaki mwilini zisipoonekana, na ukirudi mara ya pili huwa mgumu kutibika. Watoto wengi hupona, ila ni wale wanaomaliza dozi zote, na hiyo ni kazi ya miezi.

Jambo jingine: dawa hizi hupunguza kinga ya damu. Nywele zitanyonyoka, nazo zitaota tena, msihangaike. Homa ndiyo ya kuogopa. Mtoto aliye katika tiba akichemka usiku, msikae na panadol mkingoje kuche. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mwambieni mganga kwamba yuko kwenye dawa za saratani.

Jumuiya ndogo ndogo zisingoje kuombwa. Nauli ya dozi ya tatu ni ngumu kupatikana kuliko ya kwanza, maana kufikia hapo michango imekwisha na watu wamesahau. Majirani Waislamu nao washirikishwe, mtoto ni wa mtaa mzima.

Nawe mama, kabla hujaondoka wodini muulize daktari: dozi ngapi zimebaki, na tarehe zipi? Ziandike kwenye daftari, na nakala moja abaki nayo baba nyumbani.